Mjusi wa Tendaguru Si Mjusi

Wananchi wengi, wa Visiwani na wa Bara, wanapomtaja yule mnyama mkubwa ambaye mifupa yake ilichukuliwa Tendaguru, Mkoani Lindi, humwita "mjusi". Jina hilo limekwisha kuzoeleka, na hata katika mabishano ya kutaka mifupa irejeshwe kutoka Berlin limetumika mara nyingi. Sisi hatugombi na jina. Tunagomba na picha inayozaliwa na jina hilo, kwani mchoraji aliyeagizwa kuchora mjusi atachora mjusi: miguu imetanuka ubavuni, tumbo karibu na mchanga, mkia unafagia vumbi. Mtoto wa skuli akishaitazama picha hiyo, itamkaa kichwani maisha yake yote.

Ukweli ni mwengine kabisa. Mnyama huyo ni dinosaria, na jamaa zake walio hai leo ni ndege na mamba, wala si mjusi kafiri wa dirishani. Mifupa ya miguu yake inaonyesha kwamba alisimama wima, miguu ikiwa chini ya mwili kama nguzo, mfano wa tembo. Kosa hili halikuwa letu peke yetu. Wajerumani walipomsimamisha katika jumba lao la makumbusho mwaka 1937, walimpinda viwiko nje na kumburuza mkia. Ilibidi baadaye wamfungue mfupa mmoja mmoja, na mwaka 2007 akasimamishwa upya, miguu imenyooka na mkia uko hewani, kichwa kikiwa zaidi ya mita 13 juu ya sakafu.

Wachoraji nao walikuwa na makosa yao. Zdeněk Burian wa Chekoslovakia, fundi ambaye hatuna shaka na mkono wake, alimchora akiwa amezama katika kina kirefu cha maji, pua tu ikichungulia juu. Siku hizo iliaminiwa kwamba mwili mzito namna ile usingeweza kubebwa nchi kavu. Mwaka 1951 mtaalamu Kermack alieleza kuwa kwa kina kile maji yangemkandamiza kifua hata asiweze kuvuta pumzi. Mzamiaji yeyote wa Nungwi au wa Kojani angeweza kumwambia Burian hivyo hivyo, lau angeulizwa.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mchoraji wa sayansi. Huanza na mifupa, akapima viungo, akatafuta alama ambapo misuli ilishika, akavisha nyama kwa kulinganisha na ndege na mamba, ndipo akafika kwenye ngozi. Rangi huja mwisho. Mwaka 2010 wataalamu walitambua chembe za rangi ndani ya manyoya ya dinosaria wadogo wa China, na mmoja wao ikadhihirika kuwa alikuwa na mkia wa pingili nyekundu na nyeupe. Ngozi ya mnyama wetu haijatoa habari kama hiyo, kwa hiyo hapo mchoraji hukisia, lakini hukisia kwa hoja. Wala asidhaniwe kuwa mtumishi tu wa wataalamu: jina Giraffatitan, ambalo mnyama huyu analo leo, lilipendekezwa mwaka 1988 na Mmarekani Gregory Paul, ambaye ni mchoraji.

Kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, mamia ya vibarua walichimba Tendaguru, na wapagazi wakabeba mifupa kichwani na mabegani, yapata kilomita 60, hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Msimamizi wa vibarua hao, Boheti bin Amrani, alikumbukwa mwaka 2007 pale dinosaria mwengine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Jasho lilikuwa la watu wetu, na picha zikachorwa na wengine. Suala la mifupa lina wazungumzaji wake. Ama picha, hakuna mkataba wala ubalozi unaotuzuia kuichora.

Na wa kuichora wapo. Mchoraji anayeuza picha za twiga na tembo kwa watalii Mji Mkongwe ana mkono wa kutosha. Alichokosa ni mtaalamu wa kukaa naye. Tendaguru ya miaka milioni 150 iliyopita ilikuwa mwambao, wenye maji yaliyozingirwa na fungu na uwanda unaofunikwa kwa maji kujaa na kufunuliwa kwa maji kupwa. Nani anayeujua mwambao kuliko sisi? Ila ajihadhari asipande minazi wala mikoko pale, kwani mimea ya maua ilikuwa haijaenea, na nyasi hazikuwapo. Achore misonobari ya kale na madege.

Wapo wazee wetu wanaoona uzito katika kuchora viumbe wenye roho. Tunawaheshimu, na sisi pia tumekaa chuoni mbele ya walimu hao. Lakini kutafakari uumbaji ni jambo tulilohimizwa, na picha ya kufundishia haitundikwi ili iabudiwe. Mwenye wasiwasi aanze na mifupa mitupu. Nayo ni elimu.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Elimu, kabla ya kuchapisha tena kitabu chenye picha ya mnyama wa kale, ampeleke mchoraji mmoja wa Visiwani Lindi pamoja na mtaalamu wa Chuo Kikuu. Gharama ni nauli, karatasi na rangi. Akirejea, apelekwe pia Pango la Kuumbi, Jambiani, ambako imefukuliwa mifupa ya pundamilia na nyati wa zama ambazo bahari ilikuwa chini na Unguja imeshikana na Bara. Huyo pundamilia wa Unguja naye tungependa kumwona katika kitabu cha skuli, na chini yake liandikwe jina la aliyemchora.