'Ni Joto la Kwenu Tu': Gari la Umeme Likifeli Lodwar, Nani Anabeba Hasara?

Mjomba wangu ana gari jipya. Jipya kwa maana ya Kenya: limetoka Japani likiwa na miaka saba, likashuka bandarini Mombasa, likaoshwa, likapewa namba mpya na kunyunyiziwa manukato ndani. Tofauti na magari mengine yote mtaani kwetu Kanamkemer, hili halinywi mafuta. Ni la umeme.

Sitataja aina ya gari wala yadi iliyomuuzia. Yadi za namna hiyo ziko nyingi, na kisa hiki kinaweza kumpata yeyote.

Jumamosi ya kwanza mjomba alinipigia simu. "Mpwa wangu, vaa viatu, twende Kakuma." Zamani ungemcheka mtu anayepeleka gari dogo Kakuma, maana barabara ilikuwa ya Land Cruiser na malori. Sasa A1 imejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na lami imewapa watu wetu ujasiri wa kununua magari ya chini.

Tulitoka Lodwar betri ikisoma asilimia 100 na skrini ikiahidi kilomita 148. Kakuma ni kama kilomita 120. Hesabu rahisi, si ndio? Yadi ilikuwa imemwambia mia mbili na zaidi, lakini mjomba alisema labda gari linazoea mazingira. Kilomita hamsini za kwanza tulikuwa wafalme: kiyoyozi, muziki, gari kimya kama paka. Kisha namba ya skrini ikaanza kushuka haraka kuliko kilomita tulizokuwa tunamaliza. Tukazima kiyoyozi. Tukafungua madirisha, upepo ukaingia kama umetoka jikoni. Mjomba akashusha mwendo hadi kilomita 45 kwa saa, malori ya Lokichoggio yakawa yanatupita yakipiga honi. Sauti ya kike ndani ya gari ikaanza kusema kitu kwa Kijapani. Hadi leo hatujui kama lilikuwa onyo au salamu.

Tuliingia Kakuma na asilimia 3. Rafiki yake mjomba ana duka, akachomoa friji ya soda ili sisi tuchomeke gari. Soketi ya kawaida huchaji polepole mno, kwa hivyo tukalala huko.

Asubuhi mjomba akapigia yadi simu, nikiwa kando yake. Jamaa alijibu kwa adabu zote: "Mzee, gari halina shida. Hiyo ni joto la huko kwenu tu."

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sitajifanya mhandisi. Lakini kusoma sikuacha, na nilichokuta ni kwamba jibu hilo lilishawahi kutolewa kwa wengine, wakalikataa, wakashinda.

Kwanza tuseme ukweli: nusu ya jibu ni sahihi. Betri za lithiamu huchoka haraka zaidi kwenye joto. Ukiijaza hadi asilimia 100 kisha ukaiacha juani, unaizeesha bila hata kuendesha. Na Lodwar si mahali pa mchezo. Mchana joto hucheza kwenye nyuzi 35 karibu mwaka mzima, na hatuna msimu wa baridi wa kuipumzisha betri.

Sasa nenda Phoenix, Arizona, jangwani Marekani. Nissan Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010. Betri yake haina mfumo wa kupoozwa kwa maji kama magari mengi ya umeme ya leo. Kufikia 2012 wenye Leaf wa Phoenix walikuwa wanalia: kwenye dashibodi kuna vijisanduku 12 vinavyoonyesha uwezo wa betri, na vyao vilikuwa vinapotea kimoja baada ya kingine, gari likiwa halijamaliza hata miaka miwili. Wao pia waliambiwa mambo ya joto na matumizi yao. Kumbuka hao walinunua magari mapya kabisa, ya plastiki bado kwenye viti.

Walifanya nini? Waliandika. Tarehe, kilomita, vijisanduku vilivyobaki, umbali waliosafiri kabla betri kuisha. Wakakusanya rekodi zao pamoja, wakapima magari yao kwa pamoja, na Septemba 2012 kesi ikafunguliwa mahakamani California. Kabla mwaka huo kuisha, Nissan ikatangaza kitu ambacho hakikuwepo: ikiwa betri itashuka chini ya vijisanduku 9 kati ya 12 ndani ya miaka mitano au maili 60,000, kampuni itairekebisha au kuibadilisha. Kwenye modeli ya 2015 ikaja na betri yenye kustahimili joto zaidi, watu wakaibandika jina la betri ya mjusi. Sisi wa Lodwar tunajua mjusi ni nani hapa.

Angalia kilichobadilika. Phoenix haikupoa. Ila malalamiko yaligeuka kuwa namba. Ukisema "gari langu halifiki mbali," muuzaji atakuambia ni joto, ni mguu wako mzito, ni kiyoyozi. Ukisema "betri yangu iko asilimia 68 na mlinihakikishia 85," hapo mazungumzo ni mengine.

Na hapo ndipo Kenya tunapigwa. Gari la mtumba haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limezidi miaka minane. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya injini na moshi. Kwa gari la umeme, umri wa bodi unakwambia kidogo sana. Magari mawili ya mwaka mmoja, moja la Hokkaido kwenye theluji lililochajiwa taratibu, jingine la kampuni ya teksi lililochajiwa kwa kasi kila siku, yatashuka Mombasa yakiwa na umri sawa na betri tofauti kabisa. Mnunuzi ataonyeshwa mwaka na kilomita. Kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote ndani ya gari hilo hakionyeshwi.

Halafu kuna mchezo wa namba za umbali. Chukua Leaf ile ya betri ya kilowati-saa 30. Kwa kipimo kilichotumika Japani wakati huo, inakwenda kilomita 280. Kwa kipimo cha serikali ya Marekani, gari hilo hilo linakwenda maili 107, yaani kama kilomita 172. Muuzaji anayetaka kukufurahisha atachagua namba gani? Sasa chukua hiyo 172, ambayo iko karibu zaidi na maisha halisi, na useme betri imebaki na asilimia 70. Unapata kilomita 120. Yaani Lodwar hadi Kakuma, bila kiyoyozi, bila upepo wa mbele, unafika na sufuri kamili. Ukikuta laga imejaa na ugeuke nyuma, utalala njiani.

Kuna watakaosema: si angenunua Probox yake kama watu wengine? Hata Probox huharibika, lakini ikifa Lodwar kuna fundi chini ya kila mti wa kivuli. Gari la mjomba liliporudi na taa ya onyo, fundi wake wa miaka kumi alifungua boneti, akaona nyaya nene za rangi ya chungwa, akafunga. "Hizo sigusi, mzee. Hizo ni za kuua mtu." Alisema vizuri. Rangi hiyo ndiyo alama ya umeme wa volti nyingi, na fundi asiyefunzwa hapaswi kuzigusa. Lakini maana yake ni kwamba msaada wa mjomba uko Nairobi, na gari lenyewe haliwezi kujipeleka huko. Labda kwa lori.

Na hata Nairobi si dawa ya kila kitu. NopeaRide, kampuni ya teksi za umeme iliyoanza Nairobi 2018 ikitumia Leaf na vituo vyake yenyewe vya kuchaji, ilipendwa na wengi. Kampuni mama nchini Finland ilipofilisika, kufikia mwanzoni mwa 2023 NopeaRide nayo ilikuwa imefunga. Madereva wakabaki wanatafuta kazi nyingine. Ukinunua gari la umeme unanunua pia fundi, soketi, programu na kampuni iliyo nyuma yake. Kimoja kikiondoka, umebaki na kabati lenye magurudumu.

Kasoro nyingine huwa za hatari kabisa. Mwaka 2021 General Motors iliyaita magari yote ya Chevrolet Bolt yarudi kwa sababu betri zingeweza kushika moto, na wenye magari wakaambiwa waegeshe nje, mbali na nyumba. Mwenye gari Marekani alipata barua. Gari likishauzwa mnadani, likavuka bahari na kubadilisha namba, barua kama hiyo itatumwa kwa nani? Sanduku la posta la Kanamkemer halipo kwenye kompyuta ya kiwanda. Hata dhamana ya betri aghalabu hubaki kule gari lilikotoka.

Je, sheria inatulinda? Kwenye karatasi, ndiyo, tena vizuri. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko ya wanunuzi. Lakini bila kipimo kilichoandikwa siku ya kununua, mjomba atathibitishaje kwamba betri ilikuwa imechoka kabla haijaonja jua la Turkana? Hawezi. Yadi inajua hivyo. Ndiyo maana "joto la kwenu" ni jibu tamu sana kwa muuzaji: halina gharama na halina ushahidi.

Serikali imekuwa mwepesi kwenye upande wa kuvutia wanunuzi. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019. Mwaka 2023 ikaja bei maalum ya stima ya kuchajia, shilingi 16 kwa yuniti na 8 usiku kwa wenye mita yake. Poa. Lakini umetuvuta dukani, sasa tulinde tukiwa ndani. Ombi langu ni dogo: gari la umeme lisisajiliwe bila cheti cha afya ya betri, asilimia iliyobaki, kipimo kifanywe kabla halijapakiwa melini na namba iandikwe kwenye hati za mauzo. Kupima hakuhitaji maabara. Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani ambacho bei yake haifiki ya tairi moja, na programu ya simu. Kwa Leaf, LeafSpy imefanya kazi hiyo kwa miaka.

Sisemi haya ili mkimbie umeme. Kinyume chake. Hapa Turkana tuna jua la kutosha kuchaji kila kitu chenye magurudumu. Kalobeyei tayari kuna watu wanawasha nyumba na maduka kwa gridi ndogo za sola. Tumewahi pia kutazama umeme ukitupita juu: bwawa la Turkwel lilianza kazi 1991, megawati 106, nyaya zikaelekea Lessos, na Lodwar ikaendelea miaka mingi kunguruma na jenereta za dizeli. Kama teknolojia hii ina mahali pa kuokoa pesa za watu, ni mji ambao petroli yake inasafiri mbali kiasi hiki. Lakini mtu mmoja akiumia, mtaa mzima unaogopa. Kanamkemer sasa gari la mjomba linaitwa "friji", na vijana wawili niliowajua waliotaka pikipiki za umeme wamerudi kwa petroli.

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa yadi yoyote, uliza haya, na majibu yaje kwa maandishi, hata kwa WhatsApp:

Betri imebaki asilimia ngapi, na ilipimwa lini kwa kifaa gani? Nipe picha.

Umbali unaonitajia ni wa kipimo cha nchi gani?

Plagi yake ya kuchajia haraka ni ya aina gani, na iliyo karibu nami iko wapi?

Ikishuka chini ya asilimia fulani ndani ya mwaka mmoja, mtafanya nini?

Fundi aliyefunzwa ni nani, na atanifikia vipi nikiwa nje ya Nairobi?

Akikataa kujibu, hilo nalo ni jibu.

Mjomba mwenyewe sasa anachaji usiku, anaishia asilimia 80, anaegesha chini ya mwarobaini na haendi mbali na mjini. Nilimnunulia daftari la shilingi 50. Kila jioni anaandika tarehe, kilomita na asilimia. Juzi alinionyesha kurasa nne zilizojaa. "Hawa watu," akasema, "wacha wapige simu tena waniambie habari ya joto."