Kijibaridi cha Kisiasa na Miguu Baridi: Tafsiri Ipi Isimame?

Kila yanapofanyika mabadiliko katika baraza la mawaziri nchini Kenya, msomaji wa magazeti ya Kiswahili hukutana na kauli kwamba fulani sasa yumo katika "kijibaridi cha kisiasa". Asili ya kauli hiyo haina siri: Waingereza humsema aliyetengwa kuwa ameachwa nje penye baridi. Kwa sababu hiyo, wapo walimu wa tafsiri wanaoitia kalamu nyekundu pamoja na nduguze wa Kiingereza, yaani "miguu baridi", "bega baridi" na "kuvunja barafu". Hukumu hiyo ya jumla ina kasoro. Inawatia wote kapu moja, ilhali mmoja wao amekwisha kupata makao na wengine wangali wageni.

Baridi ya Kiswahili, kwa msingi wake wa Pwani, ni neema. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na mzizi uo huo ndio uliozaa kuburudika, kuburudisha na burudani. Atokaye juani Mombasa au Unguja akapewa maji ya mtungini yanayozizima, hapewi adhabu, anapewa raha. Ndiyo maana roho hupozwa, hasira hupoa, na kijana akiulizwa mambo hujibu "poa". Hata maji yasiyo na chumvi huitwa maji baridi, yawe yanachemka jikoni! Si kwamba ubaridi hauna upande wa pili: maneno baridi huweza kuwa maneno yasiyo na nguvu, na mji uliofikwa na msiba mkubwa, magazeti ya Tanzania husema umezizima. Lakini msingi ni nafuu.

Kwa msingi huo, "bega baridi" halisimami. Mswahili akitaka kumdharau mtu humpa kisogo. Anayeghairi jambo dakika ya mwisho husita, hunywea au hurudi nyuma; akiambiwa ana miguu baridi, msikilizaji atadhani amekanyaga maji. Damu baridi ni ya mijusi na samaki katika vitabu vya sayansi. Muuaji amekosa huruma tu, damu yake ina joto kama ya wenzake. Na barafu ya kuvunjwa iko wapi, ikiwa kuvunja ukimya kunatosha?

Sasa itazamwe baridi ya Makadara, katika mitaa ya Mashariki mwa Nairobi. Mtaa huu una jina moja na Makadara ya Mombasa, lakini hali ya hewa si moja. Nairobi yenyewe ilipata jina kutokana na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Julai nyuzi huweza kushuka hadi 10 hivi za selsiasi, wakati Mombasa aghalabu haiendi mbali chini ya 20. Anayengoja gari moshi katika kituo cha Makadara saa kumi na mbili asubuhi hana haja ya kufafanuliwa maana ya kutetemeka. Wala hana haja hiyo mpangaji aliyechelewesha kodi, akarudi jioni na kukuta kufuli jipya mlangoni na godoro lake uani. Majirani wamo ndani, jiko limewaka, chai inanukia. Yeye yuko nje na watoto. Kwake, kuachwa kwenye baridi si msemo wa kitabuni. Mwanasiasa aliyepokonywa wadhifa anafanana naye hasa: nyumba ni ile ile, wenzake wanaota moto, ufunguo ndio uliobadilishwa. Picha hiyo inaeleweka Jericho, Maringo na Mbotela bila tanbihi.

Isitoshe, msemo haukuingia kama ulivyotoka. Kiswahili kiliuvika viambishi vyake vya udogo, ki- na -ji-, likapatikana neno lenye kejeli ambayo Kiingereza hakinayo: baridi ni ndogo, lakini mkubwa mzima inamtetemesha. Vijana wa mitaa hiyo walifanya kazi kama hiyo kwa njia yao. Katika miaka ya 2000 kampeni ya Nimechill iliwahimiza vijana wa Kenya kuahirisha ngono, na neno la Kiingereza la ubaridi likanyambuliwa kwa viambishi vya Kiswahili, likimaanisha kutulia na kujizuia. Hiyo ni "poa" ya Pwani iliyorudi kwa kupitia njia nyingine, ingawa wasanifishaji hawatapenda kuisikia nasaba hiyo.

Itadaiwa kwamba msemo wa bara utamtatiza mzawa wa Lamu. Huenda. Lakini mtoto wa Njombe au Eldoret amesoma misemo ya tanga, ngalawa na maji kupwa tangu shule ya msingi, na hakuna aliyependekeza ifutwe kwa ajili yake. Usanifishaji uliegemea Kiunguja. Haukuwaagiza wanaoishi milimani waone baridi kwa ngozi ya Unguja. Kipupwe kina nafasi yake katika kamusi, na kinastahili. Kijibaridi nacho kiandikwe chini ya kidahizo cha baridi, maana yake ya kutengwa kisiasa ielezwe bila alama ya makosa, na mfano wa sentensi uwe wa mpangaji na kufuli.