Ukuta Ukichafuka, Mtoto Ameanza Kuandika

Mpunga wa Bonde la Kilombero ukianza kutoa masuke, familia nyingi za Ifakara na vijiji vyake huhamia shambani. Watoto wadogo nao huenda. Wiki kadhaa wanakaa dunguni na wazazi wao kuamia ndege, mbali na darasa la awali. Watu husema muda huo umepotea. Sisi tunaona haujapotea, mradi wazazi watambue kwamba nao ni walimu.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Ni hatua njema, lakini mwaka mmoja ni mfupi. Mkono wa mtoto unaanza kutafuta kitu cha kuchorea mapema zaidi, akiwa bado nyumbani.

Katika falsafa tunajifunza kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba ujuzi wa mwanadamu huanzia kwenye milango ya fahamu. Mtoto wa miaka mitatu hufikiri kwa vidole. Akichora duara lenye mkia na kusema, "Huyu kambale," ameshaelewa jambo kubwa: alama inaweza kusimama badala ya kitu ambacho hakipo mbele yetu. Herufi nazo hufanya kazi hiyohiyo.

Basi tusimchape kwa sababu ya mkaa ukutani. Tumwonyeshe sehemu yake: kipande cha ukuta wa nyuma, mfuko wa saruji uliokwisha, au vumbi la uwanjani na kijiti. Hayo hayahitaji fedha. Bwana wetu mwenyewe aliandika kwa kidole ardhini (Yn 8:6).

Wapo wazazi wanaosema, "Mimi sikusoma, nitamfundisha nini?" Mama asiyejua kusoma anaweza kuuliza, "Umechora nini, mwanangu? Hebu nieleze." Swali hilo humfundisha mtoto kwamba alichokiweka chini kina maana kwa mtu mwingine. Anayejua kuandika amwandikie jina lake pembeni ya mchoro, alione.

Wengine hukosea kwa kuharakisha: wanamlazimisha mtoto mdogo kujaza kurasa za a, e, i, o, u, au wanampiga kwa kutumia mkono wa kushoto. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini kukunja si kuvunja.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo (1965), ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Wajibu huo hausubiri kengele ya shule. Jumuiya zetu Ndogo Ndogo zianze na hili: siku ya sala, watoto wapewe mahali pa kuchora, na baada ya sala watu wazima wawasikilize wakieleza walichochora. Nasi mafrateri, tukiwa likizo parokiani, tukae nao chini vumbini.