Heshima ya Mwimbaji Isiwe Sadaka

Ipo dhana iliyokita katika nyoyo za wengi wetu kwamba mwimbaji, akishapigiwa vigelegele na kutunzwa pale ukumbini, amekwisha kulipwa haki yake yote. Na dhana hiyo, kwa kuwa huja imevaa joho la shukrani, aghlabu hakuna athubutuye kuikosoa. Miye naiona ni dhuluma, na maisha ya marehemu Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na unyago wa Zanzibar, yanatosha kutuzindua.

Fatuma binti Baraka, kama lilivyokuwa jina lake la kuzaliwa, alitoka kijiji cha Mfagimaringo hapa Unguja, binti wa mchuuzi wa nazi, katika zama ambazo tarehe ya kuzaliwa mtoto wa kimaskini hakuna aliyejali kuiandika. Uimbaji aliupata kwa kumsikiliza Siti binti Saad, yule mfinyanzi wa Fumba aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutiwa sauti katika santuri, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Bi Kidude aliikimbia ndoa asiyoiridhia, akazunguka bara, kisha akarejea kisiwani, akawa bingwa wa ngoma ya msondo na kungwi wa kuwafunda wari katika unyago. Nao unyago, kwa ajuaye, ni tamthilia kamili: una nyimbo, una uigizaji, una mafumbo na vichekesho, na hadhira yake ni wanawake watupu. Kwa hiyo, alipokuja kuwa mhusika mkuu wa filamu ya Andy Jones, *As Old as My Tongue*, ya mwaka 2006, kamera ilimkuta mtu aliyekwisha kuzoea kutazamwa.

Sauti ile nzito iliweza kukaa popote. Miaka ya 1990 aliimba na wazee wenziwe wa bendi ya Shikamoo Jazz ya Dar es Salaam, na jazi yao ya dansi ikamkubali kama taarabu ilivyomkubali; mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya WOMEX nchini Uingereza; na katika tamasha la Sauti za Busara, Ngome Kongwe, umati ulimngoja kwa hamu hadi uzeeni mwake. Alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013.

Lakini tuzo na shangwe si ujira. Huku Jambiani, ambako kilimo cha mwani wa biashara kilianza mwaka 1989, hakuna mnunuzi athubutuye kubeba gunia la mwani la mwanamke pasipo kulitia mizanini, hata kama bei yenyewe twainung'unikia. Lakini usiku, nyimbo za wazee wetu zikipigwa katika hoteli za ufukweni ili mgeni aburudike na chakula chake kimshuke, ni nani hupima? Chakula kina bei, kitanda kina bei, hata kiti cha kuotea jua kina bei. Sauti peke yake ndiyo ihesabiwayo kuwa hewa.

Watasema wapinzani kwamba Bi Kidude alikuwa na mkono wazi, na kwamba lau angalimiminiwa mali, angaliigawa yote kabla ya magharibi. Huenda ikawa kweli, maana ukarimu wake waliomjua hawachoki kuusimulia. Lakini tangu lini ukarimu wa mdai ukamfutia mdaiwa deni? Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumpa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pencheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, haikumuuliza atazitumiaje. Ilikiri tu kwamba ana stahiki yake. Laiti insafu hiyo tungaliieneza hadi kwa wasanii!

Sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ipo tangu mwaka 2003, na COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ipo kwa kazi ya kuisimamia. Kilichosalia ni sisi kuidai ifanye kazi hadi huku mashamba: kila hoteli iandike nyimbo izipigazo na kuzilipia, hesabu zitangazwe hadharani, mwenye wimbo au warithi wake walipwe, na nyimbo za kale zisizo na mwenyewe ziwe na mfuko wa kuwahifadhi waimbaji wazee. Tuzo na vigelegele tuendelee kuvitoa, kwani ni ada njema. Lakini viwe ni nyongeza juu ya ujira, visiwe badala yake.