Watoto wafundishwe Mto Ruvu

Mhariri,

Ukimwuliza mtoto wa chekechea hapa Dar es Salaam maji yanatoka wapi, atakuonyesha bomba. Hajaelezwa zaidi. Aambiwe kwamba mvua hunyesha kwenye misitu ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, maji yakazama ardhini, yakachomoza kwenye chemchemi na vijito, vijito vikaungana hadi kuwa Mto Ruvu. Huko mtoni maji huvutwa kwa pampu, husafishwa, ndipo hutufikia. Mtoto wa miaka mitano anayaelewa haya, hasa akichorewa na kuachwa aulize maswali yake yote, hata yanayotuchosha. Ataelewa pia kwa nini miti ya Morogoro isikatwe ovyo. Walimu wa madarasa ya awali, tafadhali lianzeni somo hili muhula huu.

Mzazi,
Tabata, Dar es Salaam