Msikimbilie Kisima Tu, Bomba Nalo Linataka Watu



Juzi mdogo wangu alinipigia simu kutoka Mtwara. Kamaliza kidato cha sita, anataka kusoma uhandisi wa mafuta, "maana huko ndiko kwenye hela, kaka." Nilicheka. Mimi nasoma habari za kutu kwenye mabomba na hiyo hela sijaiona! Lakini swali lake si la kucheka.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika Dar es Salaam 2004. Miaka 30, yaani umri wangu wote. Uganda walithibitisha mafuta yao 2006, na visima vya uzalishaji vya Kingfisher vikaanza kuchorongwa Januari 2023. Kenya walishangilia Ngamia-1 mwaka 2012, wakasafirisha shehena ya majaribio 2019, mwaka uliofuata majaribio yakasimama. Sasa aliyechagua kozi kwa kusoma magazeti ya 2012, alipohitimu alikuta nini? Namjua mmoja, anauza simu.

Halafu kuchoronga ni kazi ya msimu. Mtambo unakuja na watu wake, unatoboa, unahama. Bomba linabaki. Hili la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama samli. Ndiyo maana bomba limebuniwa kupashwa moto kwa umeme, mafuta yakae kwenye nyuzi 50 hivi. Jamani, hizo pampu, nyaya na vipimo vinataka mtu wa kuviangalia usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Kama sisi hatuyasomi hayo, ataletwa mtu kwa ndege, nasi tutakaa kwenye mikutano yetu hapa tukilalamika kwamba tumeibiwa.

Kwetu Mtwara hatujasahau 2013. Watu waliuliza gesi ikienda Dar es Salaam wao watabaki na nini, na wengine walipoteza maisha. Mimi nasema tungebaki walau na mafundi.

Basi nimemshauri dogo asome umakanika au umeme, mafuta atayakuta mbele ya safari. Amenuna. Kasema ataongea na mama.