Karanga, Mwaloni na Hesabu ya Mwaka

Yamekuwa mazoea siku hizi kuipima kila kazi ya shamba kwa kipimo kimoja tu, nacho ni mwaka wa fedha. Zao likiingia ghalani kabla ya hesabu kufungwa husifiwa. Lisipoingia huulizwa lina faida gani. Sisi hatuoni ubaya wa kuuliza faida. Mfanyakazi alipaye kodi ana haki ya kujua shilingi yake imezaa nini. Walakini twasema kwamba kipimo hicho chafaa kwa karanga, wala hakifai kwa mti. Na kwa kuwa wengi wapangao mambo huvichanganya vitu hivi viwili, yafaa tuviweke pamoja tuvitazame.

Tuanze na karanga, ambayo kila mmoja wetu anaijua mdomoni, ingawa si wote waijuao shambani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na yasemekana Wareno ndio walioileta Afrika katika karne ya 16. Kutoka kupandwa hadi kung'olewa huchukua miezi mitatu hadi mitano kwa kadiri ya mbegu. Haihitaji mvua kubwa, lakini yahitaji mvua ije kwa wakati wake, hasa linapotoa maua. Na hapo ndipo penye ajabu ya mmea huu: ua huchanua juu ya ardhi, kisha likishashika mimba hutoa kikonyo kirefu ambacho huinama, hujichoma udongoni, na ganda la karanga hukua humo gizani. Kwa hiyo udongo wa karanga hauna budi kuwa mwepesi, wenye mchanga mchanga, tena wenye chokaa ya kutosha. Ukiwa mfinyanzi mgumu, kikonyo hakipenyi. Na hata kikipenya, mkulima atakapong'oa shina mavuno yatakatikia chini.

Anayekidhi haja hizo chache hulipwa haraka. Karibu nusu ya punje ya karanga ni mafuta, na kama robo yake ni protini. Twaisaga tukatia katika mchicha na kisamvu, twaichanganya katika uji wa watoto. Mashudu na majani yake hulisha ng'ombe. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani na kuirutubisha ardhi, hata mahindi yapandwayo baadaye hufaidi. Zipo adha zake pia. Karanga iliyovunwa mbichi na kurundikwa bila kuanikwa vema huota ukungu uletao sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kukaangwa. Lakini zote hizi ni adha za msimu, na aliyekosea mwaka huu aweza kujirekebisha mwakani.

Mwaloni ni habari nyingine. Jina lake wasomaji wa Biblia wamelikuta katika safari za Ibrahimu, ijapokuwa wengi wao hawajauona. Ni mti wa nchi za kaskazini, wenye aina zaidi ya mia nne, na katika Afrika huota wenyewe upande wa kaskazini, katika nchi kama Morocco, Algeria na Tunisia. Aina zile za Ulaya zilizo mashuhuri kwa mbao hupenda majira ya baridi ambamo mti hupukutisha majani na kulala. Kokwa lake likikauka hufa, hivyo hupandwa upesi au huhifadhiwa katika unyevu. Likiota, hutangulia kuzamisha mzizi mrefu chini kabla ya kujishughulisha na kimo. Miaka yake ya kwanza ni ya hatari: paa humla, nyasi humsonga, kivuli cha miti mikubwa humnyima jua. Huanza kuzaa sawasawa baada ya miaka 40 hivi, na mtu atakaye mbao nzuri husubiri miaka 120, pengine 200. Methali yetu ya mchumia juani haitoshi hapa, maana mpanda mwaloni huchuma juani, na alaye kivulini ni kitukuu chake.

Atapata nini huyo kitukuu? Mbao ngumu za meli na mapaa, mapipa ambamo mvinyo na wiski hukaa miaka mingi, na magamba ya kutengenezea ngozi. Iko aina moja, inayopandwa sana Ureno, ambayo gamba lake ndilo hutolewa vizibo vya chupa. Huchunwa mara ya kwanza mti ukiwa na miaka kama 25, kisha kila baada ya miaka tisa, bila mti kuuawa. Na gamba la kufaa kwa vizibo halipatikani mpaka mchuno wa tatu. Hesabu mwenyewe, msomaji: baba apanda, mwana achuna akiwa na mvi.

Tusidhani kwamba wapandaji wa mialoni hawakosei. Wasweden, katika miaka ya 1830, walipanda mialoni katika kisiwa cha Visingsö ili wajukuu wao wapate mbao za manowari. Miti ilipokomaa, manowari zilikuwa za chuma. Lakini msitu ulikuwapo, na mbao ni mbao. Kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris lilipoungua Aprili 2019, Wafaransa walihitaji magogo ya kusimamisha upya mnara na paa. Mwaka 2021 wakakata mialoni ipatayo 1,000 kwa sehemu ya kwanza ya kazi hiyo, mingi ikiwa na umri wa zaidi ya miaka mia. Aliyeipanda hakuwa na habari ya moto ule. Lau kila serikali iliyopita ingeuliza faida ya mwaka, magogo yangalitoka wapi?

Sasa turudi kwenye karanga, maana nchi hii yalo somo lililolipiwa ghali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Tanganyika mpango mkubwa wa karanga, Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta baada ya vita, na makadirio yalitaja ekari 3,210,000 zifyekwe katika miaka sita. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa yamegeuzwa kutoka vifaru vya vita, yakapambana na mibuyu na mizizi ya vichaka mpaka yakavunjika. Kongwa udongo uliokuwa laini wakati wa mvua uligeuka kama saruji jua lilipowaka, na mvua yenyewe haikuaminika, jambo ambalo Mgogo yeyote angaliwaambia bure. Januari 1951 ilitangazwa kwamba pauni milioni 36 hivi zimefutwa. Zao la miezi minne, lisilotaka ila udongo mwepesi na mvua ya wakati, lilishindikana kwa kuwa waliolipanga walitazama ramani na mashine, hawakutazama kikonyo kile kidogo kinachotafuta njia ya kuingia ardhini.

Yaliyobaki ni bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga na ambayo leo husafirisha korosho. Na karanga yenyewe haikufa. Iliendelea mikononi mwa wakulima wadogo, na kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, kikatoa mbegu ya Pendo mwaka 1998, na mwaka 2009 nyingine, miongoni mwao moja iliyopewa jina la Nachingwea. Jina hilo latupendeza, wala hatujui kama waliolichagua walikusudia mzaha.

Hatupandi mialoni kusini mwa Tanzania, wala hatuna haja nayo. Tunao mpingo, ambao huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Ni wa jamii moja na karanga, jamii ya kunde, ingawa ukiviweka pamoja mtu atakucheka. Kwa mpingo Wamakonde huchonga, na katika viwanda vya Ulaya mti huo hufanywa klarineti na zumari za bei kubwa. Mkulima wa Kilwa au Lindi husimama kati ya viwili hivi kila kiangazi. Akifyeka pori atapanda ufuta au karanga na kupata fedha kabla ya mwaka kwisha. Akiliacha, mpingo utaongezeka unene wa ukucha. Kumwambia tu kwamba msitu ni uhai ni kumwonea, kwa maana ada ya shule hailipwi kwa kivuli.

Liko jibu lililojaribiwa. Kwa Sheria ya Misitu ya 2002 kijiji chaweza kumiliki msitu wake, kuweka mpango wa kuvuna miti michache kwa zamu, na kushika mapato. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, viliingia katika hati ya kimataifa ya usimamizi bora wa misitu. Hapo mti uliosimama ukawa mali yenye mwenyewe, nao wanakijiji wakapata sababu ya kumzuia mwizi wa magogo. Twataka vijiji vingi zaidi vifikishwe hapo, na maofisa wa wilaya wapewe watu na usafiri wa kuifanya kazi hiyo, ambayo haipigiwi picha.

Maana picha hupigwa siku ya kupanda miti. Mgeni wa heshima hushika jembe, miche huhesabiwa kwa maelfu, taarifa hupelekwa juu, na mbuzi huja jioni. Hiyo ni hesabu ya karanga iliyopachikwa kwenye mti. Twapendekeza taarifa hizo ziongezwe safu moja tu: miche iliyopandwa miaka mitano iliyopita, mahali pale pale, leo iko hai mingapi. Diwani akija kuomba kura, safu hiyo na ajazwe kabla hajapewa kipaza sauti.